Kiapo kwa Jina la Salahuddin

"Bunduki iko kwa lori, nyuma ya godauni," Faridah alinong'ona kwenye kipaza sauti kilichofichwa ndani ya hijabu yake. "Nyinyi iko wapi?"

"Tumepita Maracha," alijibu Dramadri, mkuu wake wa ujasusi. "Zuia kiapo. Vijana hao wakishaapa, watavuka mpaka leo hii kwenda vitani."

Faridah alikuwa peke yake.

Godauni hilo la Koboko, mji wa mpakani, lilijaa vijana, wengi Wanubi kama yeye. Mbele yao, mgeni aliyejiita Muzamili aliinua upanga.

"Huu ni wa Sultani Salahuddin! Kwa huu alichinja watu wa Yerusalemu, hakubakiza hata mtoto. Nani ataapa kwanza?"

Sulaiti, fundi pikipiki aliyekua na Faridah katika mtaa wa Oli, akainuka.

Faridah alikuwa na bastola ya Glock kiunoni. Mlangoni walisimama walinzi wenye AK-47. Akiitoa, amekufa.



Akasimama.

"Sulaiti, ngoja! Huyu anadanganya. Salahuddin hakuchinja watu ya Yerusalemu."

"Mama, kaa chini!" Muzamili alifoka.

"Mji ilijisalimisha, yeye akaacha watu watoke hai. Maskini wengi aliwaachia bure. Hata adui yake walimsifu. Alikufa bila pesa ya kumzika! Leo wewe unatumia jina yake kupeleka watoto yetu vitani, na lori ya bunduki?"

Sulaiti aligeuka. "Bunduki? Si ulisema lori iko na mchele ya sadaka?"



Vijana wakaanza kusukumana kuelekea mlangoni, wakaone wenyewe. Walinzi wakazingirwa, wasijue wamwelekezee nani mtutu.

Muzamili akachomoa bastola, akaikandamiza kwenye paji la uso la Faridah. Chuma kilikuwa baridi. Shahada ikamjia mdomoni.

Sulaiti akaupiga ule mkono.

Paa!

Risasi ikatoboa bati. Glock ya Faridah tayari ilikuwa sikioni mwa Muzamili.

"Ambia watu yako waweke silaha chini."

Wakaziweka. Nje, magari ya jeshi yakafunga breki.

"Uliogopa?" Dramadri aliuliza, akimfunga mgeni pingu.

"Nimezoea."

Faridah akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akatoka kwa mwendo wa madaha. Alipokata kona, pasipo na mtu wa kumwona, aliushika ukuta kwa mikono miwili, akatapika.

Kisha akajifuta mdomo, akaita boda.