Mafuta ya Kisu cha Bura

Haya yamemkuta shangazi yangu Efrazia, wa kijiji cha Nambis, mwaka huuhuu tuliokatwa kutoka Arusha tukaitwa Mkoa wa Manyara. Mimi ni mwalimu Endagikot, na kwa mambo ya namna hii nilikuwa mbishi kuliko katekista wetu.

Mume wa shangazi, mzee Bura, ndiye aliyechinja kwenye sherehe zote za pale. Kisu chake kilifuliwa kwa springi ya gari, chuma cheusi kinachoshika makali vizuri, lakini ukikiacha na maji jioni, asubuhi kina kutu. Kwa hiyo kila Jumamosi alikiosha, akakikausha, akachota mafuta ya mkia wa kondoo kwenye kopo na kuyapaka kwa dole gumba. Dole lenyewe halikuwa na ncha. Kisu hichohicho kiliikata ujanani. Visu vya kung'aa vilipojaa mnadani, alivicheka.

Akafa mwezi wa tatu. Kwa ukoo wao, kisu cha marehemu hakipakwi mafuta mpaka msiba uishe. Kinaachwa ukutani kiote kutu, na kutu hiyo ifute alama ya mkono wa marehemu. Ndipo mrithi anakisugua na kukianza upya. Mrithi alikuwa Theodory, mtoto wao wa pekee, mwanamume wa miaka thelathini aliyebeba gunia la mahindi bila kuhema.

Sasa, shangazi ni mtu wa kusugua mpaka masizi ya sufuria. Kutu ile ilimkera. Wiki ya pili ya msiba akakifuta kisu kwa kitambaa, akakipaka mafuta. Mara moja tu.

Jumamosi iliyofuata alikikuta kimepakwa. Akadhani ni Theodory. Jumamosi nyingine, tena. Akakisogeza mlangoni penye mwanga. Kwenye mafuta kulikuwa na alama ya dole gumba. Halikuwa na ncha.

Mwishoni mwa Aprili akaniita. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kumcheka.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Funga mlango."

Akanionyesha kopo. Lilikuwa limejaa mpaka juu.

"Sijayeyusha mkia tangu kabla ya msiba," alinong'ona. "Kila wiki yanapakwa. Kila wiki yanaongezeka."

"Yanatoka wapi?"

Alitazama uani. Theodory alikuwa amekaa juani, amejifunika blanketi, mashavu yamebonyea. Nilipoingia nilikuwa nimempita na kumwamkia shikamoo, nikidhani ni mzee mgeni.

Niliogopa, sioni haya kusema. Tulisugua kisu kwa majivu na chumvi, tukakiacha nje kwenye mvua. Shangazi akanipa kopo na kile kitambaa.

"Kafukie mbali. Vyote viwili."

Nilichimba shimo kando ya njia. Nikafukia, nikajifuta, nikaondoka mbio.

Jumapili kisu kilianza kuota kutu. Jumatatu Theodory aliomba ugali na maziwa. Mwezi wa tano alikuwa shambani anavuna, na shangazi alinitumia kuku wa shukrani.

Mwezi wa sita baridi ilizidi, nikatoa sweta niliyovaa siku ile. Mfukoni kulikuwa na kitambaa. Ndicho nilichojifutia mikono.

Nilikichoma jikoni papo hapo. Nikajisikia nafuu.

Jumamosi nilishika kisu nikate kitunguu. Kikateleza. Nilikisogeza dirishani. Alama ilikuwepo.

Kisu changu ni vile vya mnadani, vya kung'aa. Nimekisugua kwa majivu. Nimekiloweka kwenye maji ya chumvi wiki tatu sasa. Nakitazama kila asubuhi. Hakioti kutu.

Leo, njiani kwenda shule, nimekutana na mwalimu Severine. Ananizidi miaka kumi na tano. Amepisha njia, ameinamisha kichwa, ameniamkia shikamoo.