Makato ya Kila Jioni

Hatsue aliamka saa kumi alfajiri, kama siku zote. Aliweka maharage mekundu motoni. Yalipochemka, alimwaga maji ya kwanza, akaongeza mengine. Baadaye akatia sukari na kuanza kukoroga kwa mwiko mrefu. Bega lake la kulia liliuma. Zamani kukoroga ilikuwa kazi ya mumewe, Kiyomitsu. Sasa ilikuwa miaka mitatu tangu Kiyomitsu afariki.

Nje mvua ilinyesha. Ilikuwa mwezi wa sita, na mjini Matsue, nchini Japani, mvua ya mwezi wa sita haina haraka ya kuondoka.

Saa tatu alifungua duka. Lilikuwa duka dogo la kukodi, karibu na mfereji wa ngome. Baba mkwe wake ndiye aliyelianzisha. Waliuza manju, yaani maandazi ya mvuke yenye maharage matamu ndani. Manju moja iliuzwa yen mia moja na themanini.

Mteja wa kwanza alikuwa mzee Tsunekichi, jirani anayetengeneza miavuli. Alikuwa rafiki wa Kiyomitsu tangu utotoni.

"Shemeji, mashine yako imeamka?" aliuliza, akiielekezea kidole mashine ya kadi juu ya meza. "Imeshapata kifungua kinywa?"

"Inakula kuliko wewe," alijibu Hatsue.

"Mimi nakula manju moja na ninalipa. Yeye anakula, na wewe ndiye unayelipa!"

Tsunekichi alicheka, akahesabu sarafu zake. Hatsue hakucheka. Utani ule ulikuwa kweli tupu.

Mashine ile aliichukua miaka miwili iliyopita. Wageni wanaokuja kuona ngome walikuwa wakiingia dukani, wakitoa kadi, na wakiambiwa hakuna mashine walitoka mikono mitupu. Alipoichukua, wateja waliongezeka. Sasa nusu ya mauzo yake yalikuwa ya kadi. Lakini kila mwisho wa mwezi pesa hazikutosha. Aliuza zaidi na akabaki na kidogo. Hakuelewa kwa nini.

Majira ya kuchipua, Tsunekichi alimshauri abandike tangazo: "Anayelipa kwa kadi aongeze yen ishirini." Hatsue alibandika. Wiki haikuisha, mteja mmoja alilalamika kwa kampuni ya mashine. Kampuni ikamwandikia barua. Mkataba wao haukuruhusu kumtoza zaidi mwenye kadi. Akirudia, mashine itachukuliwa. Hatsue alibandua tangazo huku uso ukimwaka kwa aibu.

Kodi ya duka ya mwezi ule ilimshinda. Ndipo alipouza kalibu za mbao. Zilikuwa arobaini na moja, zimechongwa maua, mawimbi na ndege, za kukandamizia keki za sukari za arusi na sikukuu. Baba mkwe alichonga baadhi yake kwa mkono wake. Muuza vitu vya kale alilipa yen elfu sita kwa kila moja. Alikataa moja tu, ile ya samaki, kwa sababu ilikuwa na ufa.

Ilikuwa pesa ya kutosha kwa miezi miwili. Miezi miwili ilipita.

Jioni ya siku ile ya mvua, Hatsue alifunga duka saa kumi na mbili. Alishika simu yake, akafungua ukurasa wa kampuni ya mashine, akabonyeza neno "hamisha". Mauzo ya kadi ya siku ile yalianza safari ya kwenda benki. Yangefika kesho. Kisha akachukua mwavuli, akaenda kwenye duka la pembeni linalokesha wazi. Humo mlikuwa na mashine ya kutolea pesa. Alitoa pesa za mauzo ya jana, akarudi nyumbani haraka.

Mbele ya madhabahu ndogo ya nyumbani aliwasha kijiti cha ubani. Aliweka zile noti katika sinia, chini ya picha ya mumewe na ya wakwe zake. Aligonga kengele ya shaba, akaunganisha viganja na kuinamisha kichwa.

Hivi ndivyo familia ile ilivyofanya kwa miaka sitini. Kila jioni pesa ya siku ililetwa mbele ya waliotangulia, ndipo ikatumika. Kiyomitsu alikuwa akisema, "Pesa ambayo wazee hawakuiona si pesa ya nyumba hii." Kadi zilipokuja, pesa hazikuonekana tena. Hatsue aliona kuweka sinia nusu tupu ni kuwadanganya wafu. Kwa hiyo alizifuata pesa kila siku, azilete nyumbani.

Binti yake, Misuzu, aliingia akikung'uta mwavuli. Alifanya kazi ya kulea watoto, na jioni alimsaidia mama yake kuosha vyombo.

"Mama, mvua yote hii umetoka tena?"

"Nimekwenda kuchukua pesa ya baba yako."

"Baba angekuambia ukae ndani."

"Baba yako hawezi kuniambia kitu." Hatsue alikaa kwenye mkeka. "Misuzu, mwanangu. Mwisho wa mwezi nitamwambia mwenye nyumba achukue duka lake."

Misuzu alisimama na sahani mkononi. "Mama, usiseme hivyo."

"Nimeomba mpaka maneno yameniisha. Nimewaambia hao hapo," alisema, akiitazama ile picha, "wanionyeshe njia. Hawajibu. Nadhani na wao wamechoka."

Misuzu aliosha sahani moja mara tatu.

Asubuhi iliyofuata, Hatsue alikwenda ofisi ya chama cha wafanyabiashara. Alitaka kujitoa kwenye uanachama ili aokoe ada ya mwaka. Aliyempokea ni mshauri wa chama, Bi Orito, mwanamke wa makamo aliyewahi kuwa karani wa benki.

"Unajitoa? Kuna nini, Mama?"

"Ninafunga duka."

"Watu hawanunui?"

"Wananunua. Hilo ndilo linalonitia wazimu. Mashine ya kadi inanimaliza."

Bi Orito aliweka fomu pembeni. Hakumpa kalamu. "Kabla hujatia saini, nionyeshe hesabu ya mashine."

"Sina. Haileti karatasi."

"Imo ndani ya simu yako. Tuitafute pamoja."

Waliitafuta. Ilikuwa ukurasa mrefu wenye namba ndogo ndogo. Hatsue hakuwahi kuufungua hata siku moja. Aliona jumla tu, na kubonyeza "hamisha". Bi Orito alivaa miwani, akachukua karatasi nyeupe.

"Tuanze na hili. Kwa kila yen mia za kadi, kampuni inabaki na yen tatu na robo. Kwa manju moja ni karibu yen sita. Mwezi uliopita kadi zilileta yen laki tatu na elfu sabini na tano. Wao wamebaki na elfu kumi na mbili na kidogo."

"Nilikuambia. Inakula."

"Inakula, ndiyo. Lakini hiki hapa ni nini? Mia mbili. Mia mbili. Mia mbili. Kila siku mia mbili."

"Sijui."

"Ni ada ya kuhamisha pesa kwenda benki. Kwa nini unahamisha kila siku?"

Hatsue alitazama mikono yake. Alieleza habari ya sinia kwa sauti ndogo, kama mtu anayeungama. Alieleza na habari ya kwenda kutoa pesa kwenye duka la pembeni.

"Jioni? Mashine ile inakata ngapi jioni?"

"Mia mbili na ishirini. Si nyingi."

Bi Orito aliandika. Hakuharakisha. "Mia mbili na mia mbili na ishirini ni mia nne na ishirini. Siku ishirini na tano za kazi. Ni elfu kumi na mia tano kwa mwezi. Mama, mashine ya kadi inachukua elfu kumi na mbili. Njia ya kuzileta pesa nyumbani inachukua karibu sawa na hiyo."

Hatsue aliivuta karatasi karibu.

"Sikiliza. Pesa zako zinapanda gari kila siku kuja nyumbani. Nauli ni ile ile, ziwe nyingi au chache. Basi zingoje. Zikusanyike, zipande gari mara mbili tu kwa mwezi, siku unazowalipa wauza maharage na sukari. Ukitaka kuzitoa, nenda kwenye mashine ya benki yako mwenyewe, mchana. Uliza kwanza kama hawakati. Nijuavyo, benki yako mchana haikati."

"Na mume wangu?"

Bi Orito alivua miwani. "Sikuambii uache kumwonyesha. Mimi pia nina madhabahu ya baba yangu. Mashine yako inaweza kutoa karatasi ya mauzo ya siku. Mwekee karatasi hiyo. Kila namba iliyomo ni ya kweli. Hutakuwa umemdanganya."

Kisha akaendelea. Kampuni ile ilikuwa na kiwango cha chini kwa maduka madogo, yen mbili na nusu kwa kila mia. "Lakini hawakupi usipoomba. Wewe hukuomba."

"Niliona aibu kuomba. Mtu akikutajia bei, unamwambiaje apunguze?"

"Unamwambia, 'Naomba kiwango cha duka dogo.' Basi. Na mashine nyingine linganisha pia, usiangalie moja tu. Soma mkataba kabla hujabandika matangazo."

"Umesikia habari ya tangazo!"

"Mtaa mzima umesikia." Bi Orito alitabasamu kidogo. "Mama, ada ya kadi ni gharama, kama sukari. Hukuandika mlangoni, 'Anayependa utamu aongeze.' Sukari umeiweka ndani ya bei. Na ada weka humo humo. Manju iwe yen mia moja na tisini kwa kila mtu, mwenye kadi na mwenye sarafu."

Hatsue alikuwa bado anaitazama ile karatasi. "Kwa miaka miwili ni ngapi?"

"Ipi?"

"Ile ya nauli."

Bi Orito alipiga hesabu. "Laki mbili na elfu hamsini na mbili."

Hatsue alifunika mdomo kwa mkono. Kalibu arobaini, kwa elfu sita sita, zilikuwa laki mbili na elfu arobaini.

Alipotoka pale, fomu ya kujitoa ilibaki mezani bila saini. Hakwenda dukani. Alikwenda kwa muuza vitu vya kale.

"Zile kalibu? Ziliuzwa wiki ile ile, Mama," alisema muuzaji. "Hoteli moja huko pwani. Wamezipigilia ukutani, ni pambo zuri."

Hatsue alimshukuru, akainama, akatoka. Alisimama chini ya mvua huku mwavuli uliofungwa uko mkononi mwake.

Jioni Misuzu aliisoma karatasi ya Bi Orito. Aliisoma mara mbili.

"Mama. Kalibu zingebaki."

"Zingebaki."

Ombi la kiwango kidogo waliliandika pamoja usiku uleule. Lilijibiwa baada ya siku kumi, nalo lilikubaliwa. Bei ilipanda. Tsunekichi alilalamika siku tatu: "Shemeji, yen kumi! Unanizika kabla ya wakati!" Siku ya nne alinunua mbili. Mwisho wa mwezi wa sita kodi ililipwa, kwa shida. Mwezi wa saba ililipwa kwa shida kidogo. Kufika mwezi wa kumi, kulibaki yen elfu nane baada ya kulipa kila kitu. Mwenye nyumba hakuambiwa chochote.

Lakini vuli ile mama mmoja alikuja kuagiza keki za maua kwa arusi ya mwanawe, kama zile alizolishwa katika arusi yake mwenyewe. Hatsue alimwambia hatengenezi tena. Hakueleza sababu.

Jioni hiyo alikandamiza sukari katika kalibu ya samaki, ile yenye ufa. Keki ilitoka na mstari mgongoni. Aliiweka kwenye sinia, na kando yake karatasi ndogo ya mashine. Aliwasha ubani, akagonga kengele.

"Kadi leo ni elfu kumi na nne," aliwaambia waliotangulia. "Makato ni mia tatu na hamsini. Hakuna mengine."

Aliinamisha kichwa. Alikaa hivyo hata mlio wa kengele ukaisha kabisa.

"Na zile arobaini," alisema, "nisameheni. Sikujua kuuliza."