Penseli ya Metro Bilyk

Leona Bilyk alikanyaga miguu ya watu watatu kabla hajaifikia meza ile, na hakumwomba radhi hata mmoja. Ukumbi ule wa karibu na uwanja wa ndege wa Toronto ulikuwa umefurika kama kila Jumapili ya mnada wa kadi za picha za wachezaji, zile zilizouzwa zamani pamoja na chingamu: wanaume wazima wenye vitambi wakichakura makasha, wakitafuta wachezaji wa hoki wa utotoni mwao na kunusa karatasi zilizobakiwa na harufu ya chingamu. Leona alivaa jezi ya bluu ya marehemu baba yake, iliyomfika magotini, na buti zenye madoa meupe ya chumvi ya barabarani. Kilichomleta mbio ni kadi moja ya kipa.

"Huyu unamuuza ghali hivi kwa lipi?" alifoka. "Huyu si ndiye aliyetuponza?"

Muuzaji aliinua macho. Aliitwa Callum Arsenault, mrefu, sweta la kijani limetoboka kiwikoni.

"Dada, mimi nauza kadi yenye kona nne zilizonyooka. Habari za nani alifungwa sina."

"Kwani wewe shabiki wa timu gani?"

"Sina timu."

"Mtu mzima, mkazi wa Toronto, huna timu!"

"Nina meza. Timu zinaumiza watu. Hebu jitazame, unatetemeka kwa sababu ya mzee aliyestaafu kabla hujazaliwa."

Leona akacheka bila kutaka, na akajichukia kwa kucheka. Aliondoka na namba yake ya simu.

Msimu mzima wa baridi walipigiana.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula hasira. Wamefungwa tano."

"Tena?"

"Callum, usiseme tena. Sema pole."

"Pole, kipenzi changu. Pole na tano zako."

Timu ya jiji haikuwa imechukua kombe tangu mwaka 1967, na hasira ile Leona aliirithi kwa baba yake, Metro, dereva wa tramu. Metro alikuwa na miaka tisa walipochukua hilo kombe la mwisho. Msimu uliofuata alinunua kadi kwa kila senti aliyoipata, na alipokufa aliacha bati moja la biskuti lililojaa kadi hizo. Mwezi wa pili Leona alimwonyesha Callum bati lile. Ndani mlikuwa na kadi ya orodha, ile yenye majina ya wachezaji wote, kila jina na kisanduku chake, mtoto atie alama akishampata mchezaji. Metro alikuwa ametia alama zote kwa penseli, akikandamiza kwa nguvu, na kando ya jina moja ameandika kwa herufi za kuyumba: nimempata!!

"Niachie hii wiki chache," Callum aliomba.

"Chukua. Lakini uitunze."

Siku ya kuzaliwa ya Leona, mwezi wa nne, walikaa kwenye mkahawa wa mtaa wa Bloor, mbele ya sahani ya perohe, zile sambusa za kuchemsha za Kiukreni zenye viazi ndani, zilizomwagiwa vitunguu vya kukaanga. Callum alisukuma kifurushi kidogo mezani, uso umemng'aa.

"Fungua, malaika."

Ilikuwa kadi ya Metro ndani ya plastiki ngumu. Visanduku vyote vilikuwa vyeupe.

"Hii ni nini?"

"Ya baba yako! Nimeifuta penseli yote, kwa raba laini, siku tatu, jicho kwenye lenzi. Unajua orodha isiyochorwa ilivyo adimu? Watoto wote walizichora. Sasa ni kama imetoka kiwandani jana."

Katika biashara ya Callum, orodha iliyotiwa alama ni orodha iliyoharibika. Hivyo ndivyo alivyofundishwa tangu ujana, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu duniani anayeona vingine. Huyo mtu alikuwa mbele yake.

"Umefuta."

"Ndiyo, mpenzi, yote!"

"Umefuta mkono wa baba yangu."

Metro hakuwa mtu wa barua wala shajara. Zile alama, na lile neno moja, ndizo zilizokuwa maandishi yake ya utoto, hayakuwapo mengine. Leona alikasirika hadi masikio yakaziba.

"Nilidhani nakufurahisha," Callum alisema kwa sauti ndogo.

"Umeifurahisha meza yako!"

Akavaa koti, akaziacha perohe zikipoa.

Callum alipiga simu, haikupokelewa. Baada ya wiki alituma bahasha, na jioni hiyo Leona akampigia mwenyewe.

"Umeipata?" Callum aliuliza kwa tumaini.

"Nimeipata. Orodha ileile, ina alama. Za nani?"

"Sijui, nimeitafuta kila mahali, nikaona angalau..."

"Umeniletea baba wa mtu mwingine, Callum!"

"Basi niambie nifanye nini."

"Hakuna la kufanya! Ndiyo maana nimekasirika hivi. Lingekuwepo ningekutuma."

"Leona wangu..."

"Mimi si wako. Hujawahi kuumizwa na kitu wewe. Usishike vitu vya watu." Akakata.

Mechi za mtoano zilikuwa zimeanza. Timu ikafika mechi ya saba na mpinzani yuleyule, ya kuamua. Ikaongoza tatu bila, zimebaki dakika kumi na moja, halafu ikafungwa nne. Leona aliirushia televisheni kandambili. Miaka yote, dakika hiyohiyo, baba yake alikuwa akimpigia simu ili watukane pamoja. Simu ikalia.

"Leona! Hawa watu ni wapumbavu!" Callum alikuwa anapiga kelele. "Mabao matatu! Unamwachaje mtu peke yake mbele ya goli? Kipa alikuwa anatazama nini, ndege?"

"Wewe umeangalia?"

"Zote saba. Nilitaka kujua mzee wako alikuwa anahisi nini. Sikujua inauma hivi. Nimeipiga meza teke, kadi zote chini, kona zimepinda, na sijali! Mnaishije na kitu hiki?"

Leona alikaa chini.

"Tunawatukana mpaka Oktoba, msimu mpya unapoanza. Halafu tunarudi."

"Na mimi?"

"Wewe nimekukasirikia kuliko wao."

"Najua. Nilichokifuta hakirudi, na sitakuletea kingine."

Hapo ndipo Leona alipotaka kulia, na hakumpa nafasi ya kumsikia.

"Oktoba," alisema.

"Leona, leo ndiyo kwanza tunaingia Mei."

"Ngoja. Sisi tunangoja tangu sitini na saba."

Akangoja. Hakupiga, hakutuma bahasha. Jioni ya mechi ya kwanza ya Oktoba kengele ya mlango ililia, na Leona akamkuta kibarazani amevaa jezi ya bluu, mpya kabisa, imembana mabega.

"Hasira haijaisha," Leona alimwambia.

"Najua."

"Haitaisha. Nitakuimbia habari ya ile raba hata mbele ya wajukuu."

"Umesema wajukuu?"

"Vua viatu uingie. Wanaanza."