Walimpima Kichwa

Nakhumicha alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilikaa barazani kwa duka la mbolea hapo Kitengela, upande ule malori ya Namanga hupita yakirusha vumbi. Shule zikikaribia kufunguliwa alishona sare. Wakati mwingine alipunguza suruali, alibadilisha zipu, na kugombana na wateja wanaoleta nguo leo wakiitaka jana.

Mume wake, Wanjala, alikuwa dereva wa lori. Alibeba mawe ya kujengea kutoka Kiserian, mpaka mwenye lori akaliuza. Tangu hapo Wanjala aliamka mapema kama mtu wa kazi. Alivaa, akapiga viatu rangi, halafu akaketi kwa stuli kando ya cherehani ya mke wake. Wateja walimzoea. Wengine walimwachia nguo zao wakidhani ni msaidizi wa fundi. Jambo hilo lilimuuma sana.

Basi siku aliyokuja mbio akiita jina la binti yao tangu ng'ambo ya barabara, Nakhumicha alijua kuna habari.

"Mama Valerie! Nimepata!"

"Umepata nini? Keti kwanza, watu wanaangalia."

"Wacha waangalie. Nimepata kazi Ulaya. Naendesha lori ndani ya stoo kubwa ya chakula. Joram amenipanga."

Joram alijulikana na kila mtu. Kanisani alikaa kiti cha mbele. Alikuwa na ofisi kwenye ghorofa mpya, yenye zulia na viti vya ngozi. Ukutani alitundika leseni ndani ya fremu ya dhahabu. Watu walioingia hapo walivua kofia bila kuambiwa.

Nakhumicha hakuwa mtu wa kudanganywa ovyo. "Anataka tulipe nini?"

"Hakuna kitu! Tiketi bure, visa bure, hata daktari bure. Washatupima mpaka nguo za kazi."

"Walikupima wapi na wapi?" Huyo sasa ni fundi anauliza.

"Mabega. Kifua. Mguu. Hata kichwa."

"Kichwa cha nini?"

"Kofia, mama. Huko ni baridi."

"Mimi nimeshona nguo za madereva, za walinzi, hata za kwaya. Sijawahi kupima mtu kichwa."

"Ndiyo maana uko Kitengela," Wanjala akasema.

Wakacheka wote wawili. Kumbe walikuwa wanacheka juu ya kaburi.

Jioni hiyo simu zilipigwa mpaka Bungoma. Mama yake Wanjala alipiga vigelegele kwenye simu. Mtaani watu walianza kumwita "wa Ulaya". Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, Wanjala hakwenda kukaa kwa ile stuli.

Aliyeikalia siku iliyofuata alikuwa mzee Kisemei. Huyu alikuwa mwanajeshi aliyestaafu, mwenye ng'ombe wachache na maneno mengi. Alileta koti lililopasuka kwapani.

"Takwenya, mama Valerie," alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko, mzee," aliitikia. "Hili koti si nililishona juzi?"

"Ulilishona vibaya. Bwana yako ako wapi leo? Amefutwa kazi ya kukaa?"

Nakhumicha akacheka, akamweleza habari yote. Alieleza kwa fahari, mkono ukiwa kwenye gurudumu la cherehani. Kisemei alisikiliza akitabasamu. Nakhumicha alipofika kwa ile habari ya kichwa, tabasamu likaisha.

"Ngoja. Walimpima kichwa?"

"Ndiyo. Kwa kofia."

"Walimtoa damu?"

"Walitoa. Wakamwambia akariri grupu yake ya damu, asisahau."

"Wakamkimbiza?"

"Kidogo tu, uwanjani. Daktari alitaka kusikia moyo."

"Na ni nchi gani?"

Nakhumicha akaitaja. Akaongeza haraka, "Najua iko na vita. Lakini Joram anasema vita iko mbali na stoo. Kama hapa na Mandera."

Kisemei aliliweka koti chini polepole.

"Mama Valerie, mimi nimekaa jeshini mpaka magoti yakaisha. Hakuna dereva wa stoo anapimwa kichwa. Kichwa kinapimwa kwa sababu ya helmeti. Na damu wanauliza kwa sababu wanajua itamwagika."

Mguu wa Nakhumicha uliendelea kukanyaga cherehani peke yake, sindano ikashona kaptura ya mtoto wa watu, mguu mmoja ukashikana na mwingine.

"Lakini ni bure," alisema mwishowe. "Mwizi angetaka pesa yetu."

"Joram hataki kitu kwako kwa sababu analipwa na wale wa kule. Kila mtu anayefika, yeye anapata yake. Unajua vita ni soko? Kuna mtu anauza risasi, kuna mtu anauza viatu, kuna mtu anauza majeneza. Sasa wamemaliza vijana wao, wanatafuta wa kununua. Na soko limefunguliwa hapa Kitengela, juu ya zulia."

Aliyasema hayo kwa hasira, na alikuwa na haki. Nchi hii husahau upesi. Babu zetu walichukuliwa wabebe mizigo ya vita ya wazungu, wakafa kwa maelfu kwa njaa na magonjwa. Kilichobaki kwao ni jina la Kariokor pale Nairobi, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao cha wapagazi, na wengi wanaopita hapo hawajui lilitoka wapi. Juzi juzi tu wasichana wetu walipelekwa Ghuba, wengine wakarudi ndani ya masanduku. Kila mara serikali husema itachunguza. Inachunguza nini, ikiwa kila wakati sisi ndio wa kwanza kujua?

Wanjala aliposikia, aliwaka moto.

"Mzee Kisemei ametumwa na watu wa wivu! Unataka nikae hapa mpaka lini, nikikuangalia ukishona?"

"Nataka uwe hai, baba Valerie."

"Lennox ameenda. Lennox tuliendesha naye lori. Alipelekwa na Joram huyu huyu. Umesikia amelia?"

"Sijamsikia kabisa," Nakhumicha alisema. "Wewe umemsikia?"

Wanjala akavaa viatu. "Twende kwa Lorine. Utamsikia bibi yake mwenyewe, halafu tumalize hii maneno."

Lorine, mke wa Lennox, aliishi ploti ya pili. Walimkuta anaanika nguo. Alipoona uso wa Wanjala, kabla hajaulizwa kitu, alianza kulia. Akawaingiza ndani, akafunga mlango, akatoa simu, akafungua ujumbe wa sauti. Sauti ya Lennox ikatoka, chini sana, kama mtu aliyejifunika blanketi.

"Lorine, hakuna stoo hapa. Zile karatasi tulitia sahihi zilikuwa za jeshi, hatukuelewa lugha. Tulipewa bunduki wiki ileile. Wenzangu wameisha. Mwambie mtu yeyote asikuje huku. Mtoto aambiwe nampenda."

Simu ikanyamaza. Nje mtoto wa jirani alikuwa anafukuza kuku.

"Hiyo ilikuja lini?" Wanjala aliuliza.

"Kitambo. Baada ya hapo, kimya. Nilienda kwa Joram. Akaniambia nikisema kwa watu, watamfanyia Lennox vibaya, na mshahara wake sitauona." Lorine alijifuta kwa kona ya leso. "Nikanyamaza. Nilikuona ukipita ukiitwa wa Ulaya, shemeji, na nikanyamaza. Nisamehe."

Wanjala aliketi chini sakafuni, akajishika kichwa kwa mikono yote miwili.

Asubuhi walikwenda Kajiado, wote wanne. Kisemei alivaa koti lake likiwa bado limepasuka. Katika ofisi moja ya serikali walimpata afisa anakunywa chai. Aliwasikiliza vizuri. Alipomaliza kusikiliza, alimaliza chai.

"Huyo mtu ako na leseni," alisema.

"Leseni gani?" Kisemei akauliza.

"Ya biashara. Tulimpa sisi wenyewe."

"Hiyo ni ya kaunti! Kinyozi ako nayo. Mwenye kibanda cha chipsi ako nayo. Hiyo inasema umelipia kufungua mlango. Haisemi unaweza kupeleka mtu ng'ambo."

"Mzee, sisi tunatoa leseni. Kuangalia ndani wanauza nini, hiyo ni ofisi ingine."

"Iko wapi hiyo ofisi ingine?"

"Hawana gari ya kuzunguka. Labda mjaribu Nairobi."

Nakhumicha alimtazama yule afisa. Alitafuta aibu usoni mwake, hakuiona. Hapo ndipo mshtuko ulipogeuka kitu kingine ndani yake. Mtu akiuza sukuma bila risiti, askari wa kaunti wanakuja wanamwaga mboga zake. Mtu akiuza watu, wanampa fremu ya dhahabu!

Nje, kwenye ukuta wenye kivuli, Kisemei aliwaeleza taratibu.

"Sikilizeni. Wakala wa kupeleka watu kazi ng'ambo lazima aandikishwe na mamlaka ya ajira ya kitaifa. Majina yao yako kwa mtandao, kila mtu anaweza kuona. Wanjala, tafuta kwa simu."

Wanjala akatafuta. Akaandika jina la kampuni ya Joram hivi, akaliandika vile. Halikuwepo.

"Ya pili, mkataba. Uwe kwa lugha unayosoma, na uonwe na watu wa idara ya kazi kabla hujatia sahihi. Ya tatu, visa. Kama unaenda kazi, visa iseme kazi. Yako inasema nini?"

"Matembezi," Wanjala alisema kwa sauti ndogo.

"Na pasipoti iko wapi?"

"Kwa Joram. Amefungia kwa sefu."

"Pasipoti ni mali ya serikali, na umepewa wewe. Hakuna wakala anaweza kuikalia. Lazima uitoe kabla ya siku ya ndege, maana ukifika uwanjani umezungukwa na watu wake, utaona aibu kurudi."

"Jumapili," Nakhumicha alisema. "Jumapili Joram atazileta pasipoti zote kanisani."

Kanisa lao lilikuwa na desturi hiyo. Anayesafiri mbali, pasipoti yake huwekwa madhabahuni ndani ya kikapu, pasta anaiombea, kanisa lote linanyoosha mikono. Joram aliipenda sana desturi hii. Mtu akishaombewa mbele ya ndugu zake wote, nani atarudi nyuma?

Kisemei alibaki Kajiado akatafuta wapelelezi aliowajua. Lorine aliwatumia ile sauti.

Jumapili kanisa lilijaa. Wanaume waliokuwa wanasafiri walisimama mbele na suti zao, Wanjala akiwa kati yao kama bado anaenda. Kikapu kikawekwa. Pasta alipofunga macho, Nakhumicha alitoka kwenye kiti chake, akatembea mpaka madhabahuni, akaanza kuchambua pasipoti.

"Mama Valerie," pasta alinong'ona, "tuko kwa maombi."

"Endelea kuomba, pasta. Mimi nachukua ya bwana yangu."

Watu wakafungua macho. Joram alisimama akicheka kidogo. "Dada yetu ana hofu ya safari. Ni kawaida. Ketisheni dada."

"Nitaketi," Nakhumicha alisema. "Kwanza waambie kwa nini uliwapima kichwa."

Kicheko cha Joram kilikwama njiani. Kanisa lote lilimwangalia. Lorine alikuwa tayari amefika mbele na simu yake. Aliiweka kwenye maikrofoni ya pasta.

Sauti ya Lennox ilijaza kanisa, kubwa, kutoka kwa spika zote.

Mama mmoja mzee alianguka kwenye kiti kama amesukumwa. Pasta aliondoa mkono wake juu ya kikapu kana kwamba kimemchoma. Halafu mke mmoja akasimama, mama mwingine akasimama, kila mmoja akachukua pasipoti ya mtu wake, mpaka kikapu kikabaki kitupu. Joram alitorokea mlango wa nyuma. Nje Kisemei alikuwa anamngoja, na wapelelezi wawili.

Usidhani mambo yaliishia hapo vizuri. Joram alipelekwa kortini, akatoka kwa dhamana, kesi inaahirishwa mpaka leo. Kaunti ilikuja kufunga ile ofisi baada ya gazeti kuandika, na yule afisa akasimama mlangoni kupigwa picha akiwa na kufuli mkononi. Lakini wanaume wote waliovaa suti siku ile wako hapa. Wanakula, wanagombana na wake zao, wanadai mshahara kwa wanakandarasi. Wanjala anaendesha trela ya maji. Mtaani kijana akisema amepata kazi ng'ambo, watu hawapigi vigelegele kwanza. Wanauliza: jina la wakala liko kwa orodha? Mkataba umesoma? Visa inasema nini? Pasipoti unayo wewe?

Lennox hajapatikana. Kwa hivyo kila mwezi Lorine huenda Nairobi, kwa ofisi zinazohusika na Wakenya walio ng'ambo. Zamani alienda peke yake, wakamwambia arudi kesho. Siku hizi Wanjala huomba ruhusa kazini na kumsindikiza.

Mara ya mwisho, karani aliinua macho kutoka kwa kompyuta.

"Huyu mama tunamjua. Wewe ni nani yake? Ndugu?"

"Hapana."

"Basi ni nani kwa hii maneno?"

Wanjala alivuta kiti, akakaa.

"Mimi ni yule hakuenda," alisema. "Leo hatutoki hapa mpaka mtuambie Lennox ako wapi."