Mita Sitini Kutoka Mwani Mkavu

Mlikuwa wapi? Duka la samaki lilipoporomoka baharini pamoja na sakafu yake, mlipita mkisema ni bahati mbaya. Mimi sijasahau. Lilijengwa hatua kumi tu kutoka majini, na mji mzima uliliona likipanda tofali kwa tofali. Hata wewe unayesoma umewahi kuona ukuta ukisogelea maji, ukajifanya unafunga kamba za viatu. Basi msikilize msichana huyu.

Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila alasiri alitoka shule, akavua sare, akampelekea mama yake maji ya kunywa kazini. Mama yake alikuwa fundi mwashi, na siku hizo alichimba msingi wa nyumba ya wageni ya mjomba, yaani kaka yake.

Ufukwe ule ulikuwa hifadhi, kwani kasa walitaga mayai pale. Sheria ilikataza kujenga ndani ya mita sitini kutoka mahali bahari inapofika ikijaa kabisa. Kabla ya kazi kuanza, mjomba alipima mwenyewe, Chiriku akamshikia ncha ya utepe majini. Lakini mjomba alichagua siku ya maji mafu, zile siku ambazo bahari hujaa kivivu na kurudi mapema. Juu zaidi mchangani kulikuwa na mstari wa mwani mkavu, vijiti na kandambili mbovu, vyote vilivyoachwa na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu.

"Mjomba, mbona maji hufika kule juu?"

"Umekuja kupima au kuhutubia? Shika utepe!"

Chiriku akafyata ulimi, akashika utepe. Mama hakuwapo siku hiyo; alipofika alikuta vigingi vimeshasimikwa, akaanza kuchimba.

Siku ya tisa mtaro wa msingi ulikuwa umefika kiunoni. Akatokea mkaguzi wa mazingira, mwanamke mfupi mwenye buti na daftari.

"Hamjambo mafundi? Mlianza kupima wapi?"

"Majini, mama, kama sheria inavyotaka," mjomba akajibu, akicheka. "Muulize mpwa wangu, ndiye aliyeshika utepe. Huyu hata ukimlipa anyamaze, hawezi!"

Vibarua wakaangua kicheko. Chiriku akaitazama mikono ya mama yake, imejaa malengelenge. Akisema kweli, mtaro wote utafukiwa na jasho la siku tisa litakwenda bure.

"Tulipima kutoka majini," alisema, "lakini yalikuwa maji mafu. Bamvua hufika pale kwenye mwani."

"Mtoto wa shule anajua nini!" mjomba akafoka.

"Anajua kuutazama mchanga," mkaguzi akasema, akafungua utepe wake. Kutoka kwenye mwani hadi mtaroni zilipatikana mita thelathini na nane.

"Kwani maji yatafika hapa?" mjomba akabisha.

"Yakija na dhoruba, yatakuingilia hadi chumbani. Na kasa hatagi mayai chini ya taa za wageni wako."

Mama akapanda kutoka mtaroni, akipangusa uso. "Mwanangu, mbona hukuniambia siku ileile?"

"Nilimwogopa mjomba, mama."

Mama akamgeukia kaka yake. "Kaka, umenichimbisha kaburi la nyumba yako siku tisa nzima! Ng'oa vigingi. Huko nyuma nafasi ipo. Tutapunguza ua, vyumba vitabaki vilevile."

Mjomba alikuna kichwa. Kisha akavua shati, akashika sepetu, akaanza kufukia mtaro yeye mwenyewe. Mkaguzi aliporudi baada ya siku kadhaa, msingi mpya ulikuwa mita sitini na mbili kutoka kwenye mwani, akatia sahihi papo hapo.

Jioni ya siku ile ya kufukia mtaro, mama alimwambia Chiriku, "Mtaro naweza kuchimba mwingine. Bahari siwezi kuirudisha. Kosa halisafiki kwa sababu tumelitolea jasho. Ukiona jambo limepinda, sema siku hiyohiyo, hata mpindaji awe mjomba wako."

Wewe je? Inuka. Kama kwenu kuna bahari, ziwa au mto, nenda leo, jua likiwa bado juu. Tafuta mahali maji yalipoacha takataka zake, uhesabu hatua hadi ukuta wa karibu. Zikiwa chache, mchukue mwalimu wako, mwende pamoja ofisi ya mazingira. Wasipowafungulia, gongeni tena.