Jumbe Tatu Nilizozifuta

Kila asubuhi nyumbani kwetu mtaa wa Najma, huku ughaibuni, Mama aliniamsha mara tatu. Mara ya kwanza kwa upole, ya pili kwa ukali, na ya tatu alinifunua shuka. "Jerusha! Baba yako ameshawasha gari!" Nami nilikuwa hodari wa kujinyoosha, kutafuta soksi na kununa. Tulipofika shuleni tumechelewa, nilimsihi Baba asimame palepale langoni, mahali palipokatazwa, ingawa maegesho yalikuwa ng'ambo ya barabara. "Dakika moja tu, Baba! Nitafungiwa nje!" Baba alitikisa kichwa, kisha akasimama.

Siku moja kamera ilimnasa. Faini ilikuja kwa ujumbe wa simu. Baba alilipa, halafu akaniambia, "Ikija nyingine, utapanda basi la shule." Basi lenyewe lilipita kwetu saa kumi na moja na nusu alfajiri. Jamani, nani alitaka hilo?

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Laini ya simu iliyosajiliwa pamoja na gari ilikuwa kwenye simu ya zamani ya Baba, ambayo baada ya faini ile ya kwanza nilipewa nifanyie kazi za shule. Tuliendelea kusimama langoni, na ujumbe wa pili ulipoingia, niliufuta. Wa tatu niliufuta pia, na wa nne vilevile. Nilijiambia ni vifaini tu, vitasahaulika.

Desemba hiyo tulipanga kupanda ndege kurudi kwetu Kimilili kumwona Kukhu, mama yake Mama. Macho yake yalikuwa yakififia, na daktari alisema hayatapona. "Njooni upesi," aliniambia kwenye simu. "Nataka kuona ulivyokua." Aliponiona mara ya mwisho nilikuwa na miaka mitano.

Mwezi wa Novemba bima ya gari ilikwisha. Jumamosi nilifuatana na Baba hadi ofisi ya bima iliyoko mtaa wa Al Sadd. Karani aliyetuhudumia, Mkenya mwenzetu aitwaye Charity, alitazama kompyuta yake kwa muda.

"Bwana Silvesta, mwaka jana ulipata punguzo la dereva asiye na makosa. Mwaka huu huna, tena bei imepanda. Una makosa manne, na matatu hujalipa faini."

"Matatu? Mimi nilipata moja tu!"

"Ni madogo, kweli. Lakini kampuni yetu huyahesabu, kwa sababu anayerudiarudia makosa madogo tunahofia atapata ajali. Ukimaliza mwaka bila kosa, bei itashuka."

Baba alikuwa fundi wa viyoyozi katika mji wa Lusail. Vifaa vyake vyote vilibebwa na gari hilo. Bila bima, hakuna kazi. Nilimwona akipiga hesabu kichwani, uso ukimshuka. Akiba aliyokuwa nayo ilikuwa nauli yetu tu.

"Baba, ni mimi," nikasema. "Jumbe za faini nilizifuta."

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alilipa faini, akalipa bima, akatia risiti mfukoni. Nauli iliyobaki ilimtosha mtu mmoja.

Ndani ya gari alifunga mkanda, lakini hakuwasha injini. "Mama yako atakwenda peke yake," akasema. "Mimi nina kosa, Jerusha, maana usukani niliushika mimi. Lakini ungenionyesha ule ujumbe wa pili, ningeacha kusimama pale siku ileile. Kosa dogo ukinieleza, tunalirekebisha. Ukilificha, linaendelea kuongezeka wala sisi hatujui. Umenielewa?"

"Ndiyo, Baba. Kuanzia kesho nitapanda basi."

Jioni Mama alinipa simu nimweleze Kukhu mwenyewe. Nilimwambia yote.

"Kwa hiyo huji," akasema.

"Nitakuja mwakani, Kukhu. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mama. Mwakani utanikuta." Akavuta pumzi. "Ila ukifika, usimame karibu nami, nikupapase uso kwa mikono. Ndivyo nitakavyojua ulivyokua."

Nilimrudishia Mama simu, nikajifunika shuka nikalia. Hakuna aliyeniambia ninyamaze.