Aliyefungiwa Ndani ya Seva

Mshale wa kompyuta hautembei bila mkono, hilo Faith alilijua vyema. Lakini Ijumaa ile, jua la utosi, wenzake wengine wako msikitini na wengine wameenda kula, aliuona ukijikokota kwenye kioo polepole, mpaka ukasimama juu ya koki ya tangi la nne. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika kikombe cha chai.

Kiwanda chenyewe ni cha mafuta ya kupikia, kiko Changamwe, na Faith ndiye aliyekaa chumba cha seva, ile kompyuta kubwa inayofungua na kufunga koki za matangi yote. Fundi wake, Mwangi, alikuwa na raha zake bwana. Aliingia kwenye seva akiwa nyumbani kwake Mikindani, kwa programu ya kuingilia kutoka mbali. Wiki nzima watengenezaji walikuwa wakitangaza kwamba programu hiyo ina ufa, mtu yeyote aweza kupenya, itiwe kiraka upesi. Mwangi akasema kesho. Na kesho ya Mwangi kila mtu kiwandani aliijua.

Basi chumba kikajaa harufu ya kafuri, kama pameoshwa maiti, na kwenye spika ikatoka sauti ya mama mkwe wake, anayeishi Utange.

"Faith, mwanangu."

"Abee, mama."

Aliitika kabla hajajiuliza mama mkwe ameingiaje ndani ya spika. Hata watoto wa Pwani wajua kwamba mchana kati ukiitwa na usiyemwona, unyamaze. Lakini mkwe akuite, uache kuitika? Utaanzia wapi?

Alimpigia Mwangi kwa kunong'ona. Mwangi akacheka, akasema hao ni wezi wa mtandao tu, nyinyi watu wa Pwani kila kitu jini. Hata hivyo aliingiwa na hofu ya kupoteza kazi yake, akaizima ile programu papo hapo, akamwonya Faith asiiwashe hadi alete kiraka. Mshale ukatulia. Roho ya Faith ikatua, akamwambia msimamizi mambo ni shwari.

Kwa neno lake hilo, mumewe Tinga, msafisha matangi wa kiwanda hicho, akachukua brashi, akateremka kwa ngazi ya kamba ndani ya tangi la nne, lililokuwa tupu, kulisugua. Tangi la jirani lilikuwa na mafuta ya moto, yaliyozuiwa na koki ya tangi la nne tu.

Kafuri ikarudi.

"Mwanangu, mbona mwanifungia ndani? Nifungulie nitoke."

Koki ya tangi la nne ikaanza kufunguka, kidogo kidogo, na Faith akabonyeza funga, ikafunguka, akabonyeza tena, ikafunguka zaidi, akapiga magoti akachomoa waya wa umeme ukutani kwa mikono miwili, na kioo kikabaki kinawaka, na kwenye redio ya mkononi akamsikia Tinga akilia kwamba mafuta yanamiminika, yanamchoma miguu, ngazi inateleza, jamani nani amefungua.

Hapo ndipo alipofahamu walichokifanya. Walikuwa wamefunga mlango na mgeni yumo ndani.

Akaiwasha programu ya Mwangi.

Mshale ukakimbilia ukingoni mwa kioo, ukapotea. Koki ikajifunga yenyewe. Kwenye redio msimamizi alisema kwamba Tinga yu hai, amening'inia kwenye ngazi, miguu imebabuka, wanamvuta lakini bado yumo ndani, wapewe muda.

Simu ikalia. Alikuwa Mwangi, na safari hii hakucheka.

"Faith," akasema, chini sana. "Mshale wangu unatembea. Na binti yangu yuko jikoni, anaongea na mtu nisiyemwona."

Faith akapeleka kidole kwenye kitufe cha kuzima.

"Najua unataka kuizima, ulifungie huku kwangu. Usiizime, tafadhali. Liachie njia lirudi huko."

Mwangi ndiye aliyemtafutia kazi hiyo. Binti huyo Faith alimjua, hata alimshonea gauni la Krismasi. Faith alilia kwa sauti, redio sikio moja na simu sikio la pili, na msimamizi akasema bado, bado kidogo, mikono ya Tinga inateleza.

Akaizima programu.